Hidrojeni 12, na maji bado hayaitaki

Katika rasimu ya tasnifu niliyopewa wiki hii nimekuta tena kwamba othokaborani (C₂B₁₀H₁₂, molekuli yenye umbo la kizimba cha boroni 10 na kaboni 2) "inatarajiwa kuyeyuka majini kwa kuwa ina hidrojeni 12 za kufanya bondi za hidrojeni". Safari hii sikuweza kunyamaza.

Hidrojeni ya maji huishika oksijeni ya jirani kwa sababu imepokonywa elektroni. Iliyo juu ya boroni haikupokonywa kitu: kwa kipimo cha Pauling, kinachoonyesha atomi huvuta elektroni kwa nguvu gani, boroni ni 2.04 na hidrojeni 2.20, kwa hiyo elektroni huelemea nje, na maji hukutana na uso wenye chaji hasi hafifu iliyotawanyika, usio na pa kushika. Katika C₂B₁₀H₁₂ ni hidrojeni 2 tu, zile za kaboni, zenye tabia ya asidi.

Hata hivyo, wanaojua hayo nao hunichosha wanapoandika "kaborani hukwepa maji" bila kutaja ni ipi. Katika othokaborani kaboni hizo mbili zimepakana, na dipoli, yaani mwegemeo wa chaji upande mmoja wa molekuli, ni takriban debai 4.5, katika metakaborani, ambako zimetengana kidogo, hushuka hadi karibu 2.8, katika parakaborani, ambako kaboni zinatazamana kutoka ncha mbili, ni sifuri. Fomula ni ileile na umbo ni lilelile, lakini kwenye bamba la silika, ambapo kiyeyushi hupanda na kutenganisha vitu, para hukimbia na heksani huku otho ikisalia nyuma. (Msizitafute kwa taa ya urujuanimno, nyunyizeni kloridi ya paladi, doa litajitokeza jeusi.)

Utengenezaji wenyewe hauna siri: dekaborani, asetonitrili, alkaini, toluini, joto, na chemba yenye feni nzuri, kwani dekaborani hushambulia mfumo wa neva. Alkaini yenye hidroksili huvishwa asetati kwanza ili kuikinga hidroksili hiyo, na asetati hiyo huvuliwa kwa asidi. Mwanafunzi wangu mmoja aliivua kwa hidroksidi ya potasiamu katika ethanoli ya moto, kisha akaja mbio kunionyesha kaborani "inayoyeyuka majini". Besi ilikuwa imeng'oa boroni moja. Chupani mlikuwa na chumvi ya anioni ya nido, yaani kizimba kilichobaki wazi na chenye chaji hasi, na kaborani haikuwamo tena. Nashuku imani ninayoipinga hapa huzaliwa kwenye chupa za namna hiyo.

Linalonikosesha raha ni B₁₂H₁₂²⁻, kizimba cha namna hiyohiyo kisicho na kaboni. Ina chaji hasi 2, chumvi yake ya sodiamu huyeyuka majini bila ubishi, lakini ukiiwekea siklodekstrini ya gama, molekuli ya sukari yenye umbo la pete, huyaacha maji na kujiingiza katika tundu lake. Tunaeleza kwamba chaji imetandazwa juu ya uso mpana mno, kwa hiyo maji huishikilia kwa ulegevu na hupata nafuu yanapoiachia. Maelezo hayo nayakubali. Ila neno "hukwepa" silioni likiifaa ioni hiyo, na nimeliandika mwenyewe zaidi ya mara moja.