Faili lisipofungwa, memori kadi inabaki tupu

Jirani yangu hapa Morogoro, mama mmoja, anatotolesha vifaranga. Ana mashine ya mayai 120 aliyotengenezewa na seremala, boksi la plaibudi, balbu, feni na kidhibiti joto, basi. Raundi mbili zikamwendea vibaya mfululizo, anaingiza mayai mia na kitu, vifaranga hata arobaini hawafiki, na kila aliyepita pale alikuwa na sababu yake, mara jogoo amezeeka, mara mayai yalikaa sana kabla ya kuingizwa, mara maji kwenye sinia yalipungua. Mi nikamwambia mama tusibishane, tuweke kitu cha kuandika joto kila dakika siku zote 21, alafu tutasoma wenyewe.

Nikafunga Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu), sensa ya joto ya DS18B20 ile yenye waya mrefu na kichwa cha chuma, saa ya DS3231 yenye kibetri chake, na moduli ya memori kadi. Ikafanya kazi siku nne. Siku ya tano nikachomoa kadi nikaichomeka kwenye laptopu, faili lipo, jina lake lipo, ukubwa wake baiti 0.

Siku nne na hamna hata mstari mmoja, na ile programu mezani kwangu ilikuwa imeandika vizuri kabisa. Iliniuma kwasababu mayai hayakusubiri, siku za mwanzo za kiinitete ni muhimu. Kwahiyo nataka nieleze hili jambo taratibu, maana nikiangalia watu wanavyofundishana kutumia memori kadi na Arduino, wanaonyesha waya zinakwenda wapi, wanaonyesha maneno yanaandikwa, wanaishia hapo.

Kadi haipokei herufi moja moja. Imegawanywa vipande vya baiti 512, na ukitaka kuandika unaandika kipande kizima. Ndo maana laibrari ya SD (programu iliyoandikwa tayari ya kutumia kadi) inatenga baiti 512 kwenye RAM ya Arduino, yaani kumbukumbu yake ya muda, hiyo ndo bafa, na kila ukiita println, amri ya kuandika mstari, maneno yako yanaingia kwenye bafa kwanza, yanapelekwa kwenye kadi ikijaa. Mstari wangu mmoja ulikuwa hivi:

2024-03-14 02:10:00,37.4

Hesabu: tarehe na saa herufi 19, mkato 1, joto 4, na mwisho wa mstari println inaongeza alama mbili ambazo huzioni, jumla 26. Kwa mistari ya kila dakika bafa inajaa kama baada ya dakika 20. Utasema sawa, basi umeme ukikatika au kadi ikichomolewa napoteza dakika 20 tu. Hapana. Kuna sehemu nyingine kwenye kadi, ile orodha ya mafaili, ambayo inasema faili fulani linaanzia wapi na lina ukubwa gani. Ukubwa huo haubadilishwi kila bafa ikijaa, unabadilishwa pale unapoita flush(), amri ya kusukuma kila kitu kwenye kadi, au close(), ya kufunga faili. Fikiria mtu anayepokea mahindi ghalani, magunia yanaingia kweli tangu asubuhi, lakini kwenye daftari la mlangoni bado imeandikwa sifuri, na anayekuja kukagua anaangalia daftari peke yake. Laptopu yangu iliangalia daftari.

Mezani ilikubali kwasababu programu ya majaribio ilikuwa inaandika mistari kumi alafu inafunga faili. Nilipoihamishia kwenye mashine nikafungua faili mara moja kwenye setup(), sehemu inayofanya kazi mara moja bodi ikiwaka, nikaliacha wazi, nikidhani naipunguzia kazi kadi, na sikuweka flush popote.

Sasa hivi naandika hivi, kila dakika nafungua, naandika, nafunga:

File f = SD.open("JOTO0314.CSV", FILE_WRITE);
if (f) {
  f.print(muda);
  f.print(',');
  f.println(joto, 1);
  f.close();
}

Kuna watakaosema kufungua na kufunga mara 1440 kwa siku ni kuchosha kadi. Kwa kazi ya kila dakika mi siikubali hiyo hoja, mistari ya siku nzima ni kama kilobaiti 37, siku 21 haifiki hata megabaiti moja, na kila kufunga kunachukua milisekunde chache tu. Ukiwa unarekodi mtetemo wa mota mara mia kwa sekunde hapo ni habari nyingine, hapo acha faili wazi na piga flush kila baada ya sekunde kadhaa, ujue kabisa ni sekunde ngapi uko tayari kuzipoteza. Lakini joto la mayai, unyevu wa udongo, kina cha maji kwenye simtank, funga kila mara. Faida nyingine ni kwamba unaweza kuchomoa kadi karibu muda wowote na faili likawa salama, mradi usichomoe pale pale inapoandika. Mi nimeweka taa ndogo inayowaka wakati wa kuandika tu, na usitumie ile taa iliyo kwenye bodi maana iko pini 13, na pini 13 kwenye Uno ndo SCK (pini ya mapigo) ya kadi, zitagombana.

Kuhusu hilo jina JOTO0314.CSV, sio kwamba napenda kufupisha. Laibrari ya SD inayokuja na Arduino inakubali majina ya zamani tu, herufi zisizozidi nane, nukta, alafu zisizozidi tatu. Ukiita joto_la_machi.csv SD.open inashindwa kimya kimya, ndo maana ile if (f) lazima iwepo na iwe na else inayowasha taa nyekundu. Ukitaka majina marefu tumia SdFat ya Bill Greiman, ambayo hata hiyo laibrari ya SD imejengwa juu yake.

Alafu FILE_WRITE. Kwenye Uno inaongezea mwisho wa faili, kilichoandikwa jana kinabaki. Ukihamia ESP32, bodi nyingine, neno ni hilo hilo ila linafuta faili lote na kuanza upya, kule unatakiwa uandike FILE_APPEND. Mtu akikopi programu ya Uno akaipeleka kwenye ESP32, kila dakika anaandika mstari mmoja juu ya kaburi la mstari uliopita, na mwisho wa mwezi ana mstari mmoja. Hii naomba uikariri.

Waya. Memori kadi inataka volti 3.3, Uno inatoa 5 kwenye pini zake, kwahiyo unahitaji moduli yenye kibadilisha volti. Zile moduli zenye pini sita, CS, SCK, MOSI, MISO, VCC na GND, nyingi zina regyuleta (kishusha volti) juu yake, na hapo VCC, pini ya kuingizia umeme, unaipeleka kwenye 5V. Watu wanasikia kadi ni ya 3.3 wanapeleka VCC kwenye 3.3, regyuleta inakula kama volti moja, kadi inabaki na mbili na kidogo, leo inasoma kesho inagoma, wanabadilisha kadi tatu. Baadhi ya hizo moduli pia hazijui kuachia waya wa MISO (unaorudisha data kwa Arduino) hata ukizima CS (pini ya kuichagua kadi), kwahiyo kama kuna kifaa kingine cha SPI, ndo njia ya mawasiliano ya kadi, kwenye waya hizo hizo kitakufa ganzi. Mi saa na kioo nimevipeleka I2C, njia nyingine ya waya mbili, sensa ina waya wake yenyewe, kadi inabaki peke yake kwenye SPI.

Kadi yenyewe nunua ya GB 32 kushuka chini, ifomatiwe FAT32. Za 64 kwenda juu zinakuja na exFAT, na laibrari ya SD haiisomi. Na kadi feki zipo nyingi, imeandikwa 64 juu kumbe ndani ni 4, inapokea data vizuri tu mpaka ifike mwisho wake wa kweli, alafu inaanza kuharibu. Jaza kadi mpya na H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla hujaiamini, inachukua muda lakini inasema ukweli.

Kuna tatizo moja ambalo watu wanaletewa na kioo cha kuonyeshea maandishi. Uno ina RAM ya baiti 2048 tu. Bafa ya kadi 512. Kile kioo kidogo cha OLED cha 128 kwa 64, na laibrari yake ya kawaida, kinataka 1024. Zimebaki 512, na hapo kuna laibrari ya sensa, ya saa, na maneno yako yote uliyoyaweka ndani ya alama za kunukuu. Bodi inajizima na kuwaka yenyewe, au kadi haifunguki kabisa, na ukitoa kioo kila kitu kinapona. Maneno yasiyobadilika yazungushie F() yakae kwenye flashi, kumbukumbu ya kudumu inapokaa programu, na kioo tumia kile cha herufi 16 mistari 2, hakitaki bafa kubwa.

Basi nikarekebisha, nikaweka na betri ili umeme ukikatika kirekodi kiendelee (pawabenki nyingi zinajizima zikiona mzigo mdogo, usizitegemee). Usiku wa tisa wa raundi iliyofuata nikapata nilichokuwa nakitafuta. Saa nane na dakika kumi usiku 37.4. Dakika kumi baadaye 36.6. Saa tisa 33.1. Saa kumi na dakika hamsini 29.8, alafu linaanza kupanda. Umeme ulikatika watu wamelala ukarudi alfajiri, mama anaamka anakuta balbu inawaka, kipimajoto kinasoma vizuri, hana habari yoyote. Kwenye siku 21 ilitokea mara tatu. Jogoo hakuwa na kosa.

Aliniuliza swali moja tu, "Sasa mwanangu, mi nitajuaje bila hiyo laptopu yako?"

Hapo ndo nikaingia kwenye kusoma faili, na kusoma kuna mtego wake. Ukifungua kwa FILE_WRITE, kisomeo kinakaa mwisho wa faili, ukiita read() unapata -1 unadhani faili ni tupu. Ama uite f.seek(0) kwanza, ama ufungue kwa FILE_READ ambayo inaanzia mwanzo. Na usijaribu kulivuta faili lote kwenye RAM, lina kilobaiti 37 na wewe una mbili. Unakwenda mstari kwa mstari: soma herufi mpaka ukutane na mkato, zihifadhi kwenye safu ndogo ya char ya herufi 20, alafu parseFloat(), amri ya kusoma namba, ikusomee joto, ruka zile alama mbili za mwisho wa mstari, linganisha na la chini kabisa uliloshika, endelea wakati f.available() bado ni zaidi ya sifuri. Ruka -127 maana hiyo ni sensa iliyochomoka, na ruka 85 kamili maana hiyo ni DS18B20 iliyoamka tu haijapima bado, lakini kwenye faili ziandike zote mbili, zinakwambia waya umelegea.

Nikaweka kitufe kwa nje. Asubuhi mama anakibonyeza, Arduino inasoma faili la leo tangu saa sita usiku, kioo kinaonyesha joto la chini na muda wake. Umeme ukikatika usiku anajua, na kengele ndogo inamwamsha joto likishuka chini ya 36, anaweka chupa za maji ya moto ndani na blanketi juu ya boksi.

Juzi nilipita pale, akabonyeza nikiwepo. 35.8, 04:20. "Saa kumi na dakika ishirini, ndo muda niliweka chupa," akasema, akafungua mlango kuongeza maji kwenye sinia.