Rufaa imesajiliwa, mbona dalali bado yuko mlangoni?

"Umeshakata rufaa, lori lako haliguswi." Ushauri huu kwa aliyeshindwa kesi huzunguka nje ya mahakama za Kisumu, na anayeuamini anaweza kupoteza mali. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Amri ya 42, Kanuni ya 6, zinasema wazi kwamba rufaa yenyewe haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Dalali, yule anayekamata mali yako na kuipiga mnada ili hukumu ilipwe, akishaorodhesha lori, una siku 7 za kulikomboa.

Anayemzuia dalali ni hakimu au jaji, na ni lazima umwombe. Unaanzia mahakama iliyotoa hukumu. Ikikukatalia, mahakama uliyoipelekea rufaa bado inaweza kukusikiliza. Utaonyesha kwamba utapata hasara kubwa, kwamba hukuchelewa kuomba, na utaweka dhamana, yaani kitu cha kuhakikisha hukumu italipwa ukishindwa rufaa.

Wengi hukasirikia dhamana: "Kwa nini nimlipe kabla rufaa haijasikizwa?" Lakini dhamana huwa haimfikii mshindi. Tuseme hukumu ni ya Sh800,000, ajali ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Jaji anaweza kuagiza pesa hizo ziwekwe kwenye akaunti ya pamoja, yenye riba, kwa majina ya mawakili wa pande zote mbili. Hakuna wakili anayezitoa peke yake. Ukishinda rufaa, zinakurudia na riba yake. Ukishindwa, aliyeumia anazikuta pale pale. Nakubaliana kabisa na utaratibu huu. Mtu aliyevunjika mguu na kungoja rufaa miaka miwili hastahili kuambiwa mwishoni kwamba lori liliuzwa zamani na mwenye lori hana kitu. Wakati mwingine jaji huamuru aliyeumia alipwe nusu sasa, na nusu iwekwe.

Wala si lazima iwe pesa taslimu. Mahakama inaweza kukubali dhamana ya benki, au hata hati ya shamba. Uamuzi ni wake. Ila benki hutoza ada, hutaka rehani, na ikilipa kwa niaba yako itakudai wewe. Kagua tarehe ya mwisho: dhamana ya mwaka mmoja haitoshi rufaa ya miaka miwili.

Serikali haidaiwi dhamana, wala ofisa wa umma aliyeshtakiwa kwa kazi yake rasmi, chini ya Kanuni ya 8. Kwa aliyeishinda Serikali kesi, hilo naliona ni zito.

Halafu kuna wanaopata amri ya kusimamisha utekelezaji wakalala. Ukipewa siku 30 kuweka pesa, mara nyingi amri hiyo hiyo inasema zikipita bila malipo inaanguka. Siku ya 31 dalali anaweza kurudi.