Hisa: Ukinunua Jumatatu Ukauza Ijumaa

Mkaazi wa Unguja au Pemba hana tena haja ya kuvuka bahari ili anunue hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anaweza kumtumia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au akanunua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Kwa wepesi huo, wapo wanaozichukulia hisa kama ndoo ya dagaa: nunua asubuhi, uza jioni.

Tuanze na hesabu. Una shilingi 1,000,000, na tuchukulie kuwa bei haikupanda wala kushuka mwaka mzima. Ukinunua, ada za dalali, soko, msimamizi na uhifadhi hukata karibu asilimia 2. Ukiuza hukata tena. Ukinunua na kuuza mara moja kila mwezi, baada ya mizunguko 12 unabaki na kama 616,000, wala hakuna aliyekuibia. Aliyenunua mara moja akatulia amelipa takriban 20,000 tu.

Halafu kuna suala la mnunuzi. Katika soko letu zipo kampuni ambazo siku nyingine hazibadilishi mikono hata hisa moja. Bei unayoiona kwenye simu ni ya biashara ya mwisho, na huenda ni ya juzi. Una hisa 5,000, anayetaka anataka 400. Zilizobaki utangoja, au ushushe bei. Kwa hivyo usimwambie dalali "uza kwa bei yoyote", mpe bei ya kikomo, yaani bei ambayo asiuze chini yake. Na fedha huingia siku 3 za kazi baada ya mauzo: ukiuza Ijumaa, usiihesabu kwa ada ya skuli ya Jumatatu.

Wengine hununua wakisikia gawio, yaani fungu la faida wanalogawiwa wanahisa, limetangazwa. Ukichelewa, jina lako halitokuwemo katika daftari la wanahisa siku linapofungwa, na gawio litamwendea aliyekuuzia. Ukiwahi, bei kwa kawaida hushuka pale mnunuzi mpya anapokuwa hana tena haki ya gawio hilo, na gawio lenyewe hukatwa kodi ya asilimia 5. Faida ya haraka hapo ni ndogo mno.

Je, kukaa muda mrefu kunatosha? Hapana, na anayekuahidi hivyo mwepuke. Mwaka 2020, faharasa (kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi kwa pamoja) ya S&P 500 ya Marekani ilianguka kwa asilimia 34 hivi kati ya Februari na Machi, na kufikia Agosti ilikuwa imekirudia kilele chake; waliouza Machi kwa khofu waliifunga hasara yao wenyewe. Lakini Nikkei, faharasa ya Japani, ilifika kilele Disemba 1989, na haikukivuka hadi Februari 2024. Walionunua pale juu, kwa bei iliyopita kiasi, walingoja miaka 34. Ukishapoteza nusu, unahitaji bei ipande maradufu ili urudi ulipokuwa. Ndiyo maana bei ya kuingilia, na kugawa fedha katika kampuni za shughuli tofauti, vina uzito sawa na subira.

Aliyepokea fedha za karafuu kwa mkupuo atenge kwanza matumizi ya hadi msimu ujao. Kitakachobaki akigawe mafungu manne, anunue fungu moja kila baada ya miezi mitatu. Amuulize dalali kama ana kima cha chini cha ada, maana fungu dogo sana huliwa na kima hicho. Kununua hisa kwa fedha za mkopo wa riba tusikuzungumze. Hata pasipo suala la dini, marejesho ya kila mwezi humlazimisha mtu kuuza siku mbaya.

Muislamu ana mambo mawili zaidi. Sokoni mna kiwanda cha bia na mna benki za riba, kwa hivyo aangalie kampuni inafanya nini kabla ya kuangalia bei. La pili ni zaka: wanavyuoni wengi hutenganisha hisa za kuuzia, ambazo hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake ya sokoni, na hisa za kukaa nazo, ambazo hesabu yake ni nyengine. Andika nia yako siku unaponunua, uweke taarifa ya akaunti, na ukishatimia mwaka uipeleke kwa mwanachuoni unayemuamini.