Rangi ya Tangi Haikadiriwi kwa Lita za Maji

Malalamiko ya wenye matangi dhidi ya mafundi rangi yanayoletwa ofisini kwetu yamezidi, na mengi tukiyakagua tunakuta hakuna aliyeiba. Kilichokosewa ni hesabu.

Mtu anatuandikia: "Tangi langu ni la lita 1,700, linahitaji rangi kiasi gani?" Lita ni ujazo. Rangi inakaa usoni, na matangi mawili ya ujazo mmoja, moja refu jembamba na jingine fupi nene, hayana eneo moja la uso. Tumelieleza hili mara nyingi.

Chana lebo ya kopo uinyooshe: ni mstatili. Urefu wake ni mzingo wa kopo, upana wake ni kimo. Huo ndio ubavu wa mcheduara, yaani umbo la kopo au tangi la mviringo; kinachobaki ni duara la juu na la chini. Tangi la kipenyo cha mita 1.2 na kimo cha mita 1.5 lina ubavu wa 3.14 × 1.2 × 1.5, yaani mita za mraba 5.65. Kila duara ni 3.14 × 0.6 × 0.6, yaani 1.13; hiyo 0.6 ni nusukipenyo, nusu ya kipenyo. Jumla ni 7.91. Lakini tangi lililokalishwa juu ya zege halipakwi chini, kwa hiyo hesabu sahihi ni 6.78, na mikono miwili ya rangi ni 13.56. Bomba lililo wazi pande zote halina duara la kupaka hata moja.

Anayeweka kipenyo mahali pa nusukipenyo anapata 20.35 badala ya 7.91, kisha anashangaa makopo ya rangi yakibaki.

Sasa vipimo vyenyewe. Kipenyo kipimwe mara mbili kwa kukatisha, maana matangi ya plastiki hubonyea, na uandikwe wastani. Afadhali zaidi uzungushe utepe: mzingo ukishaupata, uzidishe kwa kimo, na ubavu umeupata bila hata kuigusa pai, ile 3.14. Kila namba iandikwe na kizio chake. Mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, si 100. Fomu ya vipimo iliyokosea hapo hurudishwa, kazi husimama, na vipimo huchukuliwa upya mbele ya pande zote mbili, kila upande ukitia saini. Fundi aliyelipwa kwa eneo lililozidi hurejesha tofauti, hata kama alikosea kwa nia njema. Hapo ofisi haina hiari.

Tangi la zege likipakwa ndani, kipimo ni cha ndani. Kuta za unene wa sentimita 15 hupunguza kipenyo kwa sentimita 30, na mzingo kwa takriban sentimita 94. Kwenye kimo cha mita 3, hizo ni karibu mita za mraba 2.8 ambazo hazipo, na rangi yake isinunuliwe.