Kava Likisema "Kamili": Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Zamani Zilizokatwa

Wapenzi wa filamu za zamani hubishana kwa dakika. Huyu ana nakala ya dakika 112, yule anayo ya dakika 117, na kabla hawajalinganisha hata tukio moja wameshaamua kuwa ya kwanza imekatwa. Ubishi huo unatokana na imani kwamba kila filamu ilitoka ikiwa nzima, kisha akaja mtu na mkasi, na kazi ya mnunuzi ni kuisaka ile nzima.

Zipo filamu zilizopitia hayo. Once Upon a Time in America ya Sergio Leone ilionyeshwa Ulaya mwaka 1984 ikiwa na dakika 229. Marekani ikatolewa ya dakika 139, tena matukio yamepangwa upya kufuata miaka, na simulizi ya kumbukumbu aliyoijenga Leone ikavurugika kabisa. Hapo hakuna cha kubishania. Lakini kesi zilizo wazi namna hiyo ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Dhana: Dakika zikipungua, kuna kilichokatwa

Turudi kwenye zile dakika 112 na 117. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na kwingineko, huonyesha picha 25 kwa sekunde. Waliotengeneza kanda na DVD za PAL hawakujisumbua sana: waliiharakisha filamu kwa asilimia 4. Kwa hiyo filamu ya dakika 117 humalizika kwa dakika 112 na sekunde 19 hivi, na hakuna fremu hata moja iliyoondolewa. Sauti za waigizaji hupanda kidogo, na mwenye sikio la muziki huusikia ufunguo wa wimbo umesogea. DVD za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, hurudia baadhi ya picha badala ya kuharakisha, hivyo muda wake hubaki ule wa sinema. Blu-ray nyingi hubaki na picha 24.

Kipimo chenyewe ni rahisi: zidisha dakika za sinema kwa 0.96. Ukipata muda ulioandikwa kwenye diski ya PAL, acha kulalamika.

Filamu za kimya ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa sababu mwendo wake haukuwa mmoja. Wahifadhi hupima kwa mita za filamu badala ya dakika, na wana sababu. Metropolis ya Fritz Lang ilipozinduliwa Berlin Januari 1927 ilikuwa na mita 4,189. Kwa picha 24 kwa sekunde, hizo ni kama dakika 153. Ipunguze mwendo hadi picha 20 na filamu ileile inazidi saa tatu. Mtu anayelinganisha diski mbili za filamu ya kimya kwa kutazama muda ulioandikwa kwenye kava analinganisha kasi za mashine.

Dhana: Toleo refu ndilo alilolitaka mwongozaji

Hii ndiyo dhana iliyouza diski nyingi kuliko zote. Tazama Alien ya mwaka 1979. Mwaka 2003 ilitolewa upya kama toleo la mwongozaji, na wanunuzi wakategemea kupata filamu ndefu zaidi. Ridley Scott alirudisha matukio yaliyokuwa yameachwa, lakini akakaza mengine, na toleo jipya likawa fupi kuliko la awali kwa karibu dakika moja. Isitoshe, yeye mwenyewe alieleza kwamba toleo la 1979 ndilo analoliona sahihi. Lile la 2003 lilitengenezwa kwa sababu studio ilitaka kitu kipya cha kuuza. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Scott huyohuyo ana Blade Runner, na hapo mambo ni magumu zaidi. Ya 1982 ilikuwa na masimulizi ya sauti ya Harrison Ford na mwisho wa furaha, ambao picha zake za angani ni mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Mwaka 1992 likatoka toleo lililopewa jina la mwongozaji, bila masimulizi na bila mwisho ule. Lakini Scott hakulihariri mwenyewe. Lilitengenezwa kwa haraka kufuata maelekezo yake. Aliloshika usukani kikamilifu ni lile la 2007. Watu wamewahi kununua zote tatu wakiamini kila mara kwamba hii sasa ndiyo ya mwisho, na mara moja tu waliamini sawasawa.

Kuna hata toleo refu ambalo mwongozaji alilikana hadharani. Dune ya David Lynch ilitoka mwaka 1984 ikiwa na dakika 137. Miaka minne baadaye studio iliandaa toleo la televisheni la takriban saa tatu, lililojazwa mabaki na masimulizi mapya. Lynch aliomba jina lake liondolewe, na mahali pake pakawekwa Alan Smithee, jina la bandia lililotumiwa na waongozaji wa Marekani waliozikataa kazi zao. Kwa hiyo anayekutafutia Dune ndefu ya Lynch anakutafutia filamu ambayo Lynch hakutaka ihusishwe naye.

Touch of Evil ya Orson Welles nayo ina funzo lake. Studio ya Universal waliihariri bila yeye, naye akawaandikia waraka wa kurasa 58 akieleza anachotaka kirekebishwe. Filamu ikatoka mwaka 1958 bila sehemu kubwa ya matakwa hayo. Katika miaka ya 1970 iliibuka nakala ndefu ya dakika 108, iliyokuwa ya majaribio, ikapokelewa kama filamu iliyookolewa. Tatizo ni kwamba dakika za ziada zilibeba pia matukio yaliyopigwa na mtu mwingine, Harry Keller, kwa amri ya studio. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kufuata ule waraka. Hilo ndilo toleo lililokaribia mawazo ya Welles, na lilitengenezwa miaka 13 baada ya kifo chake. Kwa maoni yangu ni bora kuliko yote mawili yaliyotangulia, ila siwezi kuliita la awali. Halikuwahi kuwepo mwaka 1958.

Dhana: "Unrated" ni kitu kilichopigwa marufuku

Nchini Marekani upangaji wa madaraja ya filamu kwa umri wa watazamaji, ulioanza mwaka 1968, ni wa hiari. Studio ikiongeza sekunde kumi za mazungumzo kwenye filamu iliyokwisha kupewa daraja, toleo hilo ni jipya na halina daraja mpaka lipelekwe tena. Wasipolipeleka, wanaruhusiwa kuandika "unrated" kwa herufi kubwa nyekundu. Huenda ndani kuna damu zaidi. Huenda kuna watu wawili wakizungumza jikoni.

Dhana: Iliyokatazwa ilikatazwa kila mahali, na serikali

Watu husema The Exorcist ilipigwa marufuku Uingereza. Bodi ya huko, BBFC, iliipitisha bila kuikata mwaka 1974 kwa watu wazima, ingawa baadhi ya halmashauri ziliizuia kwenye maeneo yao. Kizuizi kilichokumbukwa kilihusu video. Sheria ya mwaka 1984 ilidai kila kanda ipate cheti, kwa hofu kwamba nyumbani watoto wataona na mtu anaweza kurudisha nyuma tukio moja mara kumi. The Exorcist ikakaa bila cheti cha video hadi 1999. Yaani kwa miaka mingi ukumbi wa sinema uliruhusiwa kuionyesha na duka la kanda halikuruhusiwa kuiuza. (Mwaka 2009 ikagundulika kwamba serikali ya Uingereza ilisahau kuiarifu Tume ya Ulaya kuhusu sheria hiyo, hivyo haikuwa na nguvu ya kumshtaki mtu. Bunge likaipitisha tena mwaka 2010.)

A Clockwork Orange nayo huwekwa kwenye kapu hilohilo. Bodi iliipitisha. Aliyeiondoa Uingereza ni mwongozaji wake, Kubrick mwenyewe, na haikurudi kwenye kumbi za huko mpaka mwaka 2000, baada ya yeye kufariki.

Sababu za kukata pia hazifanani. Mashabiki wa Bruce Lee walioinunua Enter the Dragon kwenye kanda za Uingereza walikosa sehemu za nunchaku, ile silaha ya vijiti viwili na mnyororo. James Ferman, aliyeiongoza bodi hiyo tangu 1975 hadi 1999, aliogopa vijana wataiga. Damu na vifo kwenye filamu hiyo havikumsumbua kama vile vijiti. Baada ya yeye kuondoka, zuio likalegezwa na filamu ikapita nzima. Lakini tahadhari: mwaka 1998 studio ya Warner walikuwa wametoa toleo maalumu lenye mazungumzo ya ziada kati ya Lee na mtawa wa Shaolin, ambayo hayakuwemo kwenye toleo la kimataifa la 1973. Nani sasa mwenye filamu nzima: aliyepata nunchaku bila mtawa, au aliyepata mtawa bila nunchaku?

Kuna jambo moja ambalo halijalegezwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1937 inazuia kuonyesha tukio lililopangwa kwa kumtesa mnyama kikweli. Ndiyo maana filamu za zamani za wachunga ng'ombe, ambazo farasi waliangushwa kwa waya, bado zinaweza kukatwa huko hata leo.

Dhana: Kilichokatwa kipo ghalani, kinasubiri

Mara nyingi hakipo. The Magnificent Ambersons ya Welles ilipunguzwa kwa zaidi ya dakika 40 mwaka 1942, na studio ya RKO ikaharibu negativu, yaani filamu mama za kutolea nakala, za sehemu hizo. Hakuna diski itakayozirudisha, hata uandikwe ukurasa mzima wa sifa kwenye kava.

Metropolis nayo ilifupishwa baada ya uzinduzi wake, lakini bahati yake ni nadra. Mwaka 2008 nakala ya milimita 16 ilitambuliwa kwenye jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires, ikiwa na sehemu kubwa ya kilichopotea. Ilikuwa imenakiliwa kutoka filamu iliyochakaa, na mikwaruzo yote ikanakiliwa pamoja nayo. Toleo la 2010 linaonyesha wazi: picha safi ikigeuka ghafla kuwa ya michirizi, na ukingo wake umepungua, ujue hapo ni Buenos Aires. Wapo waliorudisha diski dukani wakidhani ni mbovu.

Dhana: Picha ikijaa televisheni haijakatwa

Watu waliichukia mistari myeusi juu na chini ya picha, wakiamini inafunika kitu. Kwa kawaida ni kinyume. Filamu pana ya uwiano wa 2.35 kwa 1 ikilazimishwa kujaa televisheni ya zamani ya 4 kwa 3, asilimia 43 hivi ya picha huachwa pembeni, na mhariri wa video ndiye anayeamua amwonyeshe msemaji au msikilizaji. Hakuna bodi iliyohesabu hilo kuwa ni kukata.

Ila zipo filamu zilizopigwa kwa fremu ndefu, kisha juu na chini zikafunikwa kwenye kumbi za sinema. Kanda zake huonyesha picha zaidi ya ile ya ukumbini. The Shining ni mojawapo: kwenye matoleo ya zamani ya video, gari likipanda mlima mwanzoni, mapanga ya helikopta iliyobeba kamera yanaonekana juu ya fremu.