Kulwa si jina la kiume, wala Doto si la kike

Siku hizi hapa Mwanza, wakizaliwa mapacha wa kike na wa kiume, majina yanagawiwa kabla hata mama hajatoka wodini: wa kiume Kulwa, wa kike Doto. Hakuna anayeuliza nani alitangulia. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, tena kutoka kwa Wasukuma wenzangu, na yananiuma.

Kulwa ni pacha aliyetangulia kuzaliwa. Doto ni aliyemfuata. Jinsia haimo kabisa. Wanaweza kuwa wavulana wawili, wasichana wawili, au Kulwa akawa msichana na kaka yake akawa Doto. Ushahidi hauko mbali: Doto Biteko, mbunge wa Bukombe mkoani Geita aliyeteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, ni mwanaume. (Ukisikia Kurwa, ni jina lilelile, wengine hulitamka kwa r.)

Nadhani mkanganyiko unatokana na ujirani. Ziwa Victoria limezungukwa na watu wengi wenye majina ya mapacha, na karibu wote wanakutana Mwanza, sokoni na mialoni. Kwa Wajaluo, pacha wa kwanza ni Opiyo akiwa wa kiume na Apiyo akiwa wa kike; wa pili ni Odongo au Adongo. Majina hayo yanajieleza: la kwanza linatokana na neno la haraka, la pili na neno la kubaki, yaani mmoja kawahi na mwenzake kabaki nyuma. Anayekuja baada yao ni Okello, au Akello kama ni binti. Ukivuka kwenda Bukoba, Wahaya wana Ishengoma na Kato kwa wavulana, Nyangoma na Nyakato kwa wasichana. Kwa jirani zetu hao, jina linakwambia mambo mawili kwa pamoja: nafasi na jinsia. Aliyekulia katikati ya akina Akinyi na Otieno, majina ya Kijaluo ya msichana na mvulana, ataona ni kawaida kila jina la pacha liwe na upande wa kike na wa kiume. Kisukuma hakikufanya hivyo. Kinataja nafasi tu, na Wanyamwezi wanafanya vilevile.

Ndiyo maana Kulwa na Doto si sawa na Hassan na Hussein, au Petro na Paulo, ambayo ni majina mawili mazuri yanayochaguliwa yaende pamoja. (Hassan na Hussein wenyewe, wajukuu wa Mtume, hawakuwa mapacha, walipishana kama mwaka mmoja.) Mzazi anaweza kuyachukua hayo au kuyaacha, na hata akiyabadilishana hakuna kilichoharibika. Jina la Kulwa halichaguliwi. Mtoto anatoka nalo tumboni, kama Kashinje anayezaliwa akitanguliza miguu, au Shija anayezaliwa baada ya mapacha, awe wa kike au wa kiume. Ukimpa Doto jina la Kulwa kwa sababu ni mvulana, umemnyang'anya dada yake ukubwa wake, na nyumbani kwetu ukubwa huo una uzito hata kama ni wa dakika kumi.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Majina haya yanarithiwa. Ukikutana na Shija ambaye mbele yake hakuna mapacha, usiseme wazazi wake hawakujua mila. Huenda amepewa jina la babu yake, na babu ndiye aliyefuata mapacha. Vilevile binti anayeandikwa Neema Kulwa si lazima awe pacha. Mara nyingi Kulwa hapo ni baba yake.

Sasa mnaojifungua hospitali mna bahati ambayo bibi zetu hawakuwa nayo. Saa ya kuzaliwa inaandikwa kwa kila mtoto, na wauguzi huwatofautisha: pacha wa kwanza, pacha wa pili. Hata kwa upasuaji, aliyetolewa kwanza ndiye Kulwa. Someni hapo kwanza kabla ya kuita majina. Na kama tayari mmeshamwita mvulana Kulwa kumbe dada yake ndiye aliyetangulia, watoto bado wachanga, cheti cha kuzaliwa bado, wageuzieni tu.