Je, wajua kwa nini saa ya Prague husoma 24 wakati ni saa kumi jioni?

Nilikuwa na siku moja tu Prague, mji mkuu wa Ucheki, tena ya Desemba, ambayo kule ni nusu siku. Asubuhi nilipanda kilimani kuona kasri, mchana nikavuka Daraja la Charles huku meno yakigongana, jioni nikafika kwenye uwanja wa Mji Mkongwe kuitazama saa kubwa iliyo ukutani mwa jengo la baraza la mji. Wenyewe huiita Orloj. Simu yangu ilisema ni saa kumi. Mshale wa Orloj, wenye kiganja cha dhahabu nchani, ulisimama mahali ambapo kwenye saa ya ukutani kwetu ningesoma saa nane. Kwenye duara la nje kabisa, kiganja hichohicho kilielekea namba 24. Nikamwambia mwenzangu, kwa kujiamini kabisa, kwamba mashine imekufa na wanaiacha pale kwa ajili ya watalii.

Saa ilikuwa nzima. Nilikosea mimi, mara mbili kwa tazamo moja.

Kosa la kwanza ni dogo. Mshale ule huzunguka mara moja tu kwa siku nzima, si mara mbili. Namba za Kirumi za duara la ndani zimeandikwa mara mbili, I hadi XII na tena I hadi XII. Adhuhuri iko juu, usiku wa manane uko chini. Saa nne baada ya adhuhuri ni sehemu moja ya sita ya mzunguko, basi mshale ulikuwa pale unapotakiwa kuwa.

Ile 24 ndiyo iliyoninyima usingizi. Duara la nje, jeusi lenye tarakimu za dhahabu za mtindo wa kale wa Kijerumani, halina habari na usiku wa manane. Linahesabu saa 24 kuanzia jua linapozama. Jua likizama, siku imekwisha, hesabu inaanza upya. Desemba mjini Prague jua huzama kama saa kumi jioni, kwa hiyo Orloj ilikuwa inaniambia kitu sahihi kabisa: leo imeisha.

Ila kuna tatizo. Huko kaskazini saa ya machweo haitulii. Desemba ni saa kumi jioni. Juni, kwa saa za majira ya joto, jua huzama baada ya saa tatu usiku. Namba 24 ikigandishwa mahali pamoja, itakuwa kweli siku chache tu za mwaka. Dawa yao ni kwamba duara lenyewe husogea. Chukua sinia, chora katikati yake mshale unaozunguka, kisha uzungushie ukingo wa ungo ulioandikwa namba 1 hadi 24. Mshale usiuguse. Kila siku usukume ungo kidogo, ili namba 24 ingoje pale mshale utakapofika jua likizama. Kuanzia majira ya baridi hadi Juni unausukuma upande mmoja, baada ya hapo unaurudisha. Au fikiria adhana ya Magharibi: mwadhini haulizi saa ya ukutani inasemaje, analifuata jua, na ratiba ya msikiti ndiyo inayosogezwa. Duara la Orloj ni ratiba iliyotengenezwa kwa chuma.

Faida yake nilichelewa kuiona. Duara likisoma 20, zimebaki saa nne za mwanga; likisoma 23, funga duka. Saa yetu ya Kiswahili hukuambia jua limekwenda kiasi gani tangu lichomoze. Ile ya Wacheki wa zamani ilikuambia limebaki kiasi gani, jambo ambalo kwa mtu asiye na taa lina uzito zaidi.

Hapa ndipo mtu hushawishika kusema mengi. Nasi siku yetu, kwa desturi ya Pwani, huanza magharibi. Mzee akisema usiku wa Ijumaa ana maana ya Alhamisi jua likishazama. Kufanana huko hakutoshi kudai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Waitaliano na Waosmani nao walihesabu saa tangu machweo, na jua ni la wote.

Kuna jambo jingine usoni mwa saa ile ambalo hakuna aliyenionyesha. Sehemu ya buluu imekatwa kwa mistari ya dhahabu iliyopinda, yenye tarakimu nyeusi 1 hadi 12. Hiyo ni hesabu ya tatu: mchana, uwe mrefu au mfupi, hugawanywa mara 12 kuanzia macheo. Juni kila saa huwa na dakika 80 hivi, Desemba kama 40. Na adhuhuri, ukifuata mistari hiyo, ni saa sita. Mimi niliyezoea kuulizwa na Wazungu kwa nini saa zetu ziko kinyume nilisimama nikiitazama sita ile mpaka vidole vikafa ganzi.

Waongozaji watalii husimulia zaidi kwamba fundi Hanuš alitobolewa macho asije akatengeneza nyingine kama hiyo. Ni hadithi tu. Hati ya mwaka 1410 inamtaja fundi Mikuláš wa Kadaň, na hesabu za nyota huhusishwa na mwanafalaki Jan Šindel.

Saa ilipogonga, mitume wa mbao walipita madirishani, watu wakainua simu, jogoo akawika, wote wakatawanyika. Mshale wa dhahabu ulikuwa tayari umeipita 24 na kuanza kuelekea 1, yaani kesho.